Nyumba Namba Moja

Dolnae, 4 Novemba 1983

Kwako mwanangu Mi-ran,

Pokea salamu za nyumba hii yote, yaani mimi na mama yako mkubwa, maana tumebaki wawili tu na mbwa. Sisi ni wazima. Goti langu la kushoto linanisumbua nikipanda mlima, lakini bado nawaacha nyuma watu wa miaka hamsini. Kabichi zimekomaa, mama yako mkubwa ameanza kuzitia chumvi kwa ajili ya achari ya kimchi ya majira ya baridi, na mikono yake imepasuka kama kila mwaka. Kaburi la baba yako nililifyeka mwenyewe kabla ya sikukuu ya mavuno. Nikafyeka na la jirani yake, kwa sababu wanawe wako Daegu na hawana haya.

Wewe je, unakula? Mama yako anasema shingo yako imekuwa kama ya korongo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Boksi lako la karatasi za maswali lilifika kwa basi la Jumanne. Karatasi arobaini na moja, nyumba arobaini na moja, hujakosea, akili hiyo umeitoa kwetu. Umeandika nizigawe, kila nyumba ijaze kwa nafasi yake, nizikusanye baada ya wiki sita. Wiki sita! Unadhani unaongea na nani? Huu ni mwaka wa kumi na tisa mimi ni mkuu wa kijiji hiki. Barabara imepita hapa kwa sababu yangu, umeme pia, na kipaza sauti kilichoko juu ya paa langu kinasikika hadi ng'ambo ya mto. Nimezimaliza kwa siku nne. Zimo humu, zote zimejibiwa, hakuna hata mstari mmoja mtupu, na kila moja ina muhuri mwekundu wa mwenye nyumba, umekaa sawasawa.

Maswali yako mengine, uniwie radhi nikisema, ni ya mtu asiye na shamba. Eti wiki iliyopita uliingia nyumba ya nani? Eti mchuzi wa soya ukikuishia unaazima kwa nani? Hii ndiyo elimu ya jamii? Sokoni nimewaambia watu unasomea ujaji. Usiniangushe.

Mkono umechoka. Mimi herufi nilizijifunza nikiwa na miaka thelathini na tisa, kwenye darasa la watu wazima, na nilikuwa wa kwanza darasani.

Baba yako mkubwa,
Pyo Deok-bae


Seoul, 29 Novemba 1983

Shikamoo Baba Mkubwa,

Shikamoo yangu mpelekee na Mama Mkubwa, na umwambie nimetuma mafuta ya mikono kupitia kwa mama, apake kila anapomaliza kuosha kabichi. Goti lako lifunge kitambaa cha sufu. Mimi nakula, mama anatia chumvi habari zangu kuliko kabichi.

Asante kwa karatasi. Nazisoma baada ya kazi, moja moja, na kila jibu nalihamishia kwenye kadi, kisha kadi nazipanga ili nione nani anaelekea kwa nani kijijini. Ni kazi ya kuumiza macho. Usiku wa kuamkia jana nilimaliza za Dolnae, nikazipanga juu ya sakafu, nikakaa nikiziangalia.

Nisaidie kuelewa mambo machache. Swali la kumi na saba linauliza: "Ukipatwa na shida ndani ya nyumba, utamwambia nani kwanza?" Nyumba zote arobaini na moja zimeandika: mkuu wa kijiji. Hakuna aliyemtaja ndugu, wala jirani wa ukuta mmoja. Swali la ishirini linauliza mara ya mwisho waligombana lini nyumbani. Wote wamejibu: hatujawahi.

Tena kuna nyumba ya akina Gu, namba thelathini na tatu. Mama ananiambia walihamia Daegu mwezi wa Agosti na mlango umepigiwa mbao. Lakini wamejibu kwamba wiki iliyopita waliingia kwako mara tatu.

Naandika kwa heshima zote. Huenda mimi ndiye sikuyaandika maswali vizuri. Profesa wangu ameomba kuziona Jumatatu.

Wako,
Mi-ran


Dolnae, 14 Desemba 1983

Marahaba.

Mafuta yamefika. Mama yako mkubwa ameyaweka kabatini, anasema ni mazuri mno kupakwa. Theluji imeanguka mara mbili. Ng'ombe wa Ma Gil-nam amezaa ndama, na ni mimi niliyemvuta, Gil-nam alikuwa anatetemeka tu na taa mkononi.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza sikuielewa. Mara ya nne niliielewa, nikaitupa chini ya godoro.

Nilijaza mimi. Ndiyo. Ulitaka ajaze nani? Nusu ya hawa hawajui kushika kalamu, nusu nyingine wangekuandikia upuuzi. Mihuri yao iko kwenye droo yangu, yote, tangu mwaka ule wa mafuriko. Ikija karatasi ya mbolea, mimi. Ya mbegu, mimi. Ya sindano za watoto, mimi. Hakuna aliyewahi kulalamika, na mwaka wa sabini na mbili wilaya ilinipa cheti kwa kuwa kijiji cha kwanza kurudisha karatasi, kimetundikwa ukutani, wewe mwenyewe ulikuwa unakipangusa vumbi ulipokuwa mdogo. Nawajua watu hawa. Najua nani anakoroma. Mtu akiwajua watu kiasi hicho, kuna haja gani ya kwenda kuwauliza?

Na akina Gu wangekuwapo wangeingia kwangu, mara tatu au hata nne.

Mwambie huyo profesa wako aje hapa anywe pombe ya mchele na mimi, nimfundishe jamii kwa siku moja, aokoe viatu vyake.

Kuna baridi. Sina la zaidi.

Pyo Deok-bae, mkuu wa kijiji


Hwasun, Jeolla, 9 Januari 1984

Shikamoo Baba Mkubwa,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Mama Mkubwa. Hongera ya ndama. Naandika nikiwa mbali zaidi. Profesa amenituma huku Jeolla kwenye utafiti wake hadi mwisho wa Februari. Nimepanga chumba kwa ajuza mmoja anayepika supu ya figili kila siku ya Mungu.

Nimemwambia profesa ukweli. Nilifikiria kunyamaza, nilishindwa. Hakupiga kelele, na ndiyo maana nilijisikia vibaya zaidi. Alisema bila Dolnae tasnifu yangu haina miguu, na kwamba nafasi ya ualimu msaidizi hatanishikia zaidi ya mwaka huu, yupo mwingine anayeingoja. Nina hadi tarehe ishirini na tisa Februari kuleta majibu ya watu wenyewe. Nisipoleta, miaka mitano imekwisha hivyo. Mimi nimefungwa huku, na mgeni akija Dolnae wataitikia ndiyo, ndiyo, kisha wafunge mlango. Amebaki mtu mmoja tu, na ni wewe.

Kwa hiyo natuma karatasi mpya arobaini. Za akina Gu hazimo. Tafadhali fanya hivi. Nenda nyumba kwa nyumba, kwa miguu. Usiwaite kwa kipaza sauti. Uliza swali kama lilivyoandikwa. Ukishauliza, nyamaza. Mtu akikawia, usimsaidie. Akikosea, usimsahihishe. Akisema jambo la kukuudhi, andika neno kwa neno. Asiyetaka kujibu, andika hakutaka.

Leo nimekaa kwenye nyumba nne, magoti yamevimba kwa kukaa sakafuni. Watu wananipa kwanza jibu la kumpendeza mgeni. Nakunywa maji ya shayiri, nangoja hadi jibu hilo liwachoshe. Kazi yangu ndiyo hiyo, Baba Mkubwa. Siulizi Dolnae inapaswa kuwaje. Nataka kujua ikoje siku ya Jumanne, wakati hakuna anayeiangalia.

Nimechoka mno. Nisamehe kama barua hii ina ukali.

Wako,
Mi-ran


Dolnae, 24 Februari 1984

Mwanangu Mi-ran,

Nilichelewa kukujibu kwa sababu sikutaka kukujibu. Boksi lilikaa kibarazani wiki mbili, mbwa akalilalia. Mama yako mkubwa alikuwa analizunguka tu anapofagia, analizunguka kwa makusudi. Mwaka mpya wa kalenda ya mwezi ulipopita nikavaa koti.

Nilianza kwa Ma Gil-nam, maana tumecheza sataranji pamoja miaka arobaini. Nikamwekea muhuri wake mbele yake, nikamweleza. Sijawahi kupata shida hivyo kutoa sentensi moja mdomoni. Akacheka hadi akakohoa.

"Kumbe nilishajibu? Nilisema nini?"

"Kwamba hujawahi kugombana na mkeo."

Mkewe akapiga kelele kutoka jikoni, "Mwulize hili kovu la sufuria limetoka wapi!"

Nikauliza la kumi na saba. Nikanyamaza kama ulivyosema. Gil-nam akaangalia dirisha. Akasema, "Shemeji yangu wa Yeongju."

"Yeongju? Mabasi mawili hadi huko?"

"Umesema unauliza, kaka, hukusema unabishana."

Nikaandika: shemeji wa Yeongju. Mkono ulikuwa mzito kama jembe lenye udongo.

Nyumba ya tano ni ya yule mjane, mama wa Bonghwa. Alikuwa anapepeta maharage, hakuinuka. Nikamwuliza akipatwa na shida atamwambia nani kwanza. Akaniangalia juu hadi chini.

"Si wewe."

"Sijauliza kuhusu mimi."

"Najua. Nakupa bure. Mwaka juzi tumbo liliniharisha, nikakunong'oneza unitafutie dawa. Ukafanya nini?"

Nikanyamaza. Kanuni yako.

"Ukapanda hewani! 'Tangazo, tangazo, mama wa Bonghwa ameharisha tangu alfajiri, mwenye vidonge amsaidie!' Mpaka ng'ambo ya mto! Mwezi mzima watu wananisalimu huku wameziba pua!"

"Lakini vidonge ulipata."

"Nilipata vya nyumba sita! Haya andika. Andika vizuri, usinipunguzie."

Nimeandika, utaona, nimetumia na upande wa nyuma.

Nilikwenda hivyo siku kumi na moja. Theluji iliniingia viatuni. Kuna nyumba nimekuwa nikipita mlangoni pake kila siku na sikuwa najua kwamba mwanamume na mkewe wanakula katika vyumba tofauti. Kuna mzee anaongea na redio. Jirani yetu Ok Sang-chil, ambaye nilimwandikia kwamba hana tatizo, ana barua tatu za mwanawe ambazo hazijafunguliwa, ameziweka chini ya mto, kwa sababu hajui kusoma na hataki mimi nimsomee. Alinijibu hivyo hivyo, machoni pangu. Sasa anafikiri kumpa mwalimu wa shule.

Waliokataa ni watatu. Nimeandika hawakutaka.

Mihuri nimeirudisha yote. Droo imebaki na kamba na msumari mmoja.

Kuhusu la kumi na saba, aliyemtaja mkuu wa kijiji hakuna. Hata mmoja. Waliyemtaja utamwona mwenyewe, sitaki kuandika mara mbili. Boksi nimelituma leo kwa basi, dereva nimempa viazi vitamu, atalifikisha hadi mlangoni kwa mama yako.

Nimechoka, mwanangu. Nimewahi kubeba magunia mawili ya mpunga kutoka bondeni bila kupumzika, watu wa hapa wanajua. Hii imenichosha zaidi.

Baba yako mkubwa


Seoul, 5 Machi 1984

Shikamoo Baba Mkubwa,

Natumaini miguu imepata joto. Mimi nimerudi Seoul na mafua, mama ananinywesha tangawizi.

Boksi lilifika siku mbili kabla ya mwisho. Profesa alisoma karatasi ya mama wa Bonghwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Akaniuliza, "Ni nani aliyekusanya hizi?" Nikamwambia ni baba yangu mkubwa. Akasema wapo wanafunzi wake wa miaka mingi ambao hawawezi kukaa kimya hivyo. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema.

Lakini karatasi ziko thelathini na tisa. Namba moja haimo. Nyumba yenu.

Nimechora ramani ya swali la kumi na saba. Kila nyumba ni duara, kila jibu ni mshale. Mishale ishirini na miwili inaingia nyumba namba moja. Wote wamemwandika Mama Mkubwa. Wanaingia kwa mlango wa jikoni wewe ukiwa kwenye ofisi ya wilaya, wengine wameeleza hadi saa. Wewe uliandika majina yao yote kwa mkono wako na hukuniambia.

Na kutoka nyumba hiyo hakuna mshale hata mmoja. Kwenye ramani panaonekana kama kisima. Wakaguzi wa tasnifu wanakutana tarehe ishirini na sita, na hilo ndilo la kwanza watakaloniuliza. Kuchora mshale wa kubuni siwezi, unajua sasa kwa nini.

Sikulazimishi. Ila nimeona nikuombe waziwazi.

Wako,
Mi-ran


Dolnae, 18 Machi 1984

Mwanangu Mi-ran,

Marahaba. Barafu ya mtoni imekatika, na ndama wa Gil-nam anatupiga teke sote. Maneno ya profesa nimemsomea Gil-nam mara mbili. Alitaka mara moja tu.

Karatasi namba moja imo humu.

Sikuisahau. Niliibeba kwenye mfuko wa ndani wa koti siku zote kumi na moja. Kila nikirudi jioni nasema kesho. Barua yako ilipokuja nikasema tena kesho, siku sita. Nilivuka theluji hadi nyumba thelathini na tisa, ikawa vigumu kuvuka chumba kimoja.

Jana mchana mama yako mkubwa alikuwa anaosha mabonge makavu ya soya ya kutengenezea mchuzi kabla ya kuyatia kwenye mtungi wa maji ya chumvi. Nikakaa mbele yake na kalamu.

Akasema, "Umefika kwangu?"

"Nimefika."

"Nilidhani nimehama na akina Gu."

Akajibu yote bila kuinua macho. Wiki iliyopita aliingia nyumba ya nani: tisa, akazitaja kwa mpangilio. Mimi nilijua mbili. Mara ya mwisho tuligombana lini: "Mimi au wewe? Wewe jana. Mimi mwaka wa sitini na nane." Nikaandika.

Nikafika la kumi na saba. Nikalisoma kama lilivyo. Ukipatwa na shida ndani ya nyumba, utamwambia nani kwanza?

"Hakuna mtu," akasema.

"Watu ishirini na wawili wanakuja kwako."

"Hilo ni swali la ngapi?"

Halikuwemo. Nikaandika: hakuna mtu. Nikanyamaza. Mwanangu, kunyamaza kwa watu nilikuwa nimeshazoea, lakini hapo masikio yalikuwa yananipigia kelele. Nilitaka kusema mambo kumi. Niliuma mfuniko wa kalamu. Akaosha bonge moja, la pili, la tatu. La nne akalikosa, mkono ukapita pembeni yake, ukashika ukingo wa beseni.

Akabaki ameshika ukingo.

"Jicho la kulia," akasema. "Tangu vuli ya mwaka juzi. Kuna ukungu. Sasa na la kushoto linaanza."

Nikamwuliza, kwa nini hukuniambia? Najua si la kwenye karatasi.

"Ningekuambia saa ngapi? Ukiingia unaanza wewe, unamaliza wewe, kisha unalala."

Nikahamia upande wake wa beseni, nikaosha mabonge yaliyobaki, akaniambia naosha vibaya, nikaendelea.

Tulipomaliza nikamwuliza niandike nini. Akasema, andika nilichosema. Nikamwambia ulisema hakuna mtu, halafu umeniambia mimi. Akasema, "Basi ndivyo ilivyokuwa."

Jumatano tunakwenda hospitali ya Andong, atatazamwa macho yote mawili. Karatasi nampa dereva leo, itakufikia kabla ya wakaguzi wako. Utakuta kwenye mstari wa kumi na saba majibu mawili, moja chini ya jingine, kwa wino mmoja. Sikukosea. Nimeyaandika kwa kufuatana, kama yalivyotoka. Wakikuambia swali ni moja na nafasi ni ya jibu moja, uchague, waambie aliyekusanya amekataa.

Baba yako mkubwa,
Pyo Deok-bae